Umeme ukikatika kazi isisimame: ninunue jenereta gani?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mhasibu, naishi Mbeya mjini na kazi zangu zote nazifanyia nyumbani kwa kompyuta. Umeme ukikatika saa nne asubuhi na hesabu za mteja zinatakiwa jioni, sina la kufanya. Nina laptopu na skrini ya pembeni, ruta ya intaneti, printa ya leza, friji moja, televisheni, na pampu ya nusu hosipawa inayopandisha maji kwenye tangi. Dukani wameniambia nyumba kama yangu inataka jenereta la 6.5 kVA. Mdogo wangu anasema nichukue kile kidogo cha kuchanganya oili na petroli, kinatosha. Majirani tumebanana, ukuta kwa ukuta. Naomba ushauri kabla sijatoa hela.

JIBU: Salama, dada yangu, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kulipa. Muuzaji ametazama ukubwa wa nyumba, mdogo wako ametazama bei. Tuanze na kazi yako, kwa sababu ndiyo inayokusumbua.

Laptopu yako hula wati 65 hivi inapochaji. Skrini ya inchi 24 ni kama wati 25. Ruta pamoja na kile kiboksi cha faiba havizidi 20. Balbu nne za LED za wati 9 ni 36, simu weka 10. Jumla ni kama wati 160. Pasi moja ya umeme hula mara sita ya hapo. Ofisi yako nzima, dada, ni mzigo mdogo kuliko watu wengi wanavyodhani, na kuwasha injini ya petroli kutwa nzima kwa ajili ya wati 160 ni sawa na kukodi lori kubeba debe la mahindi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza si jenereta. Anza na betri. Betri ya lithiamu ya 12V yenye ampea-saa 100 inahifadhi kama wati-saa 1,280. Ukitoa akiba ya chini na kinachopotea kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, unabaki na 900 hivi. Gawa kwa 160: zaidi ya saa tano na nusu za kazi, kimya, bila moshi, na laptopu haijui hata kama umeme umekatika. Ukichukua betri ya jeli ya ukubwa huohuo, ile haitaki kushushwa chini ya nusu, hivyo utapata saa tatu na kidogo. Bei yake ni nafuu, lakini kwa mtu anayeitumia kila wiki kwa kazi inachoka mapema. Mimi ningejinyima nikachukua lithiamu. Inveta iwe ya wati 1,000, inayotoa wimbi safi (umeme laini kama unaotoka ukutani), na yenye chaja ndani yake ili umeme ukirudi ijichaji yenyewe. Zile inveta za bei ya chini zenye wimbi la ngazi zinafanya chaja za laptopu ziungurume na kupata joto.

Na friji? Friji likifungwa na lisipofunguliwa hutunza ubaridi wa chakula kwa saa nne. Waambie watoto. Kwa hiyo umeme ukikatika saa nne asubuhi na kurudi saa nane mchana, huhitaji kuwasha kitu chochote chenye injini. Hali yetu ya sasa nayo inasaidia. Mgao mkali wa 2023 ulitokana na uzalishaji kuzidiwa na mahitaji. Tangu Februari 2024, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipoanza kuingiza umeme kwenye gridi, mgao huo umepungua sana. Bwawa zima limejengwa kutoa megawati 2,115. Kinachotukatia siku hizi mara nyingi ni laini: mti umeangukia waya, transfoma imeharibika, mvua na radi, au matengenezo. Hayo ni mambo ya saa chache, na betri iko kwa ajili ya saa chache.

Jenereta linakuja pale saa chache zinapogeuka kutwa nzima au siku mbili. Mbeya masika mnayajua wenyewe. Hapo ndipo tuchague kwa makini.

Kitu chenye mota, kama friji na pampu, kina wati za aina mbili: za kutembelea na za kuanzia. Ni kama kusukuma gari lililozimika. Kulitoa mahali ndiko kugumu, likishatembea mkono mmoja unatosha. Friji la kawaida la nyumbani hutembea kwa wati 120 hadi 150, lakini sekunde ile linapowaka linaweza kuvuta 700 au hata 900. Angalia kibao cha nyuma ya friji lako. Ukikuta ampea zimeandikwa zaidi ya 1.5, ni friji kubwa au la zamani, na namba zangu zote zinazofuata uzipandishe. Pampu ya nusu hosipawa ni kali zaidi: kwenye mota hosipawa moja ni wati 746, hivyo nusu ni 373 zinazotoka kwenye shafti ya mota, ule mhimili unaozunguka, lakini zinazoingia kutoka kwenye waya ni kama 600, na kuanza kwake hutaka 1,800 au zaidi.

Sasa jumlisha. Ofisi 160, televisheni 50, na friji likianza 900: kama wati 1,100 kwa sekunde moja, halafu linashuka hadi 360. Huo ndio mzigo wako wa kweli ukiiacha pampu nje. Ukiiingiza pampu unaruka hadi karibu 2,200. Pampu peke yake inataka kukununulisha jenereta mara mbili ya lile unalolihitaji, kwa kazi ya dakika ishirini. Iache. Jenga mazoea ya kujaza tangi kila jioni umeme ukiwepo, na kama tangi lako ni la lita 500, hela utakayookoa kwenye jenereta inaweza kukuongezea la 1,000. Pasi na jagi la umeme pia havigusi jenereta. Printa ya leza vilevile: inapopasha moto ile rola yake inavuta mamia ya wati kwa mkupuo, na mkupuo huo ndio unaozimisha vijenereta vidogo. Chapisha umeme ukiwepo, au siku ukibadilisha printa chukua ya wino wa matangi, haifiki hata wati 30.

Kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi, na wewe uliyeko Mbeya ndiye linalokuhusu. Injini inataka hewa, na hewa ya juu ni nyepesi. Kanuni wanayoandika watengenezaji kwenye vitabu vyao ni kwamba injini ya petroli hupoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700 juu ya bahari. Piga hesabu: inakaribia asilimia 20. Jenereta lililoandikwa wati 1,800, ambalo Dar es Salaam linatoa 1,800 zake, kwako linatoa 1,440. Moja ya tano imebaki kwenye ngazi za Kitonga na milima mingine mliyopanda. Halafu kwa kuwa kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, imepimwa kwa hewa ya chini, kwako inamwaga petroli nyingi kuliko hewa: plagi inakuwa nyeusi, moshi unakuwa mzito, petroli inakwisha haraka. Dawa yake ni kubadilisha jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopitisha petroli, kuwa ndogo zaidi. Fundi mzuri wa pikipiki wa hapo Mwanjelwa atakuelewa mara moja ukimwambia hivyo, ila hata baada ya marekebisho ile asilimia 20 hairudi.

Tukirudi kwa washauri wako wawili. Kijenereta cha mdogo wako kina namba kubwa ubavuni, mara nyingi 950, lakini hiyo ni namba ya jina la modeli. Wati za kudumu za vingi vya aina ile ni kama 650. Toa moja ya tano ya Mbeya, unabaki na 520. Taa, televisheni na simu kitawasha. Friji lako kitajaribu, kitaunguruma, taa zitafifia, na pengine friji litashindwa kuanza. Mota iliyovutwa kwa voti ndogo ikashindwa kuzunguka inapata moto na kuungua. Voti zake pia zinapanda na kushuka kila mzigo unapobadilika. Mimi laptopu yangu ya kazi nisingeichomeka pale. Na mchanganyiko wa oili, kwa kawaida petroli sehemu 50 kwa oili sehemu 1, siku mtu mwingine wa nyumbani akisahau kuchanganya, injini inakufa siku hiyohiyo.

Lile la 6.5 kVA litabeba kila kitu, pampu na pasi pamoja. Ubaya wake uko kwenye petroli. Jenereta la kawaida ni lazima lizunguke mara 3,000 kwa dakika ili litoe hezi 50 (mapigo ya umeme kwa sekunde), uwe umewasha balbu moja au nyumba nzima. Injini kubwa kiasi kile, hata ikiwa na mzigo wako wa wati 300, haishuki chini ya lita moja na robo kwa saa. Saa sita ni lita saba na nusu. Jenereta dogo la inveta kwa mzigo huohuo hula kama nusu lita kwa saa, yaani lita tatu. Bei ya petroli EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, huibadilisha kila mwezi, lakini ukichukulia shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe rahisi, ni 22,500 dhidi ya 9,000 kwa siku moja. Tena kelele: majirani zako mliobanana ukuta kwa ukuta watalisikia lile kubwa kila neno linalosema.

Kwa hiyo chaguo langu kwako ni jenereta la inveta, la petroli, injini ya mipigo minne isiyochanganywa oili, lenye wati 1,800 hadi 2,000 za kudumu. Linazalisha umeme, linaugeuza kuwa wa betri, kisha linaurudisha kuwa wa nyumbani kwa njia ya kielektroniki, hivyo unatoka safi na hezi hazichezi. Mzigo ukiwa mdogo injini inapunguza mwendo yenyewe. Hapo ndipo penye akiba ya petroli na ukimya. Kama una UPS, kile kiboksi cha betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika, utashukuru zaidi. UPS nyingi huukataa umeme wa jenereta la kawaida, unazisikia zinagonga tiki-tiki zikirudi kwenye betri mpaka betri inaisha huku jenereta linanguruma nje. Ubaya wa hili la inveta lazima niuseme: ni ghali kwa kila wati, na bodi yake ya kielektroniki ikiungua, mafundi wanaoweza kuitengeneza ni wachache na bodi mpya si rahisi kupatikana. Usilizidishie mzigo, na lisinyeshewe.

Namna ya kulitumia na betri ni hivi. Siku ya kukatika kutwa nzima, asubuhi unafanya kazi kwa betri. Friji likitimiza muda wa saa nne bila umeme, unawasha jenereta kwa saa tatu: friji linapoa, betri inajaa, simu zinachajiwa, watoto wanaona televisheni. Kisha unazima na kurudi kwenye betri mpaka usiku. Lita moja na nusu za petroli zimekuvusha siku.

Dukani usinunue kwenye boksi. Lifunguliwe, liwashwe, na uende na mita ya voti au fundi mwenye nayo. Bila mzigo isome kati ya voti 220 na 240. Chomeka pasi ya wati 1,000 na utazame: voti zikianguka chini ya 210, achana nalo. Soma kibao, utafute neno la wati za kudumu, maana namba kubwa iliyoandikwa kwa rangi nje ni ya juu kabisa ambayo injini inaihimili kwa muda mfupi tu. Uliza kama plagi, chujio la hewa, kamba ya kuvutia na kabureta vinapatikana hapo Mbeya, na uoneshwe kwa macho. Kama bado utavutwa na jenereta la kawaida, uliza koili zake ni za shaba au za alumini. Ya shaba ni nzito zaidi na haipati joto upesi.

Kinachobaki ni usalama, na hapa naomba unisome taratibu.

Miaka ya nyuma niliitwa na familia moja Iringa, jenereta lao “linazima lenyewe”. Nilikuta wameliweka kwenye korido ya nyuma, mlango wa uani wazi, kwa kuogopa wezi. Mama mwenye nyumba alikuwa amejifunga kitambaa kichwani kwa maumivu, watoto wawili wamelala saa tano asubuhi, mmoja ametapika. Walikuwa wanajiandaa kwenda kupima malaria. Jenereta lilikuwa linazima kwa kukosa hewa safi, na hewa hiyohiyo ndiyo waliyokuwa wanavuta wao. Tuliwatoa nje wote na kuwapeleka hospitali, wakapona. Saa moja nyingine na ningekuwa nasimulia kitu kingine.

Ile ni kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Harufu ya moshi unayoisikia ni ya vitu vingine. Inaanza kwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, dalili ambazo kila mmoja wetu huzipa jina la malaria. Tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa inaonya kwamba jenereta moja linaweza kutoa gesi hiyo kiasi cha mamia ya magari. Jenereta likae nje, angalau mita sita kutoka nyumbani, bomba la moshi likiangalia mbali na madirisha. Madirisha yetu ya nyavu hayazuii chochote. Na kwa kuwa mmebanana, angalia pia dirisha la jirani. Mtoto wake amelala nyuma ya lile pazia. Kibanda cha mabati kiwe na paa tu, pande zote wazi. Kama huna mita sita kwenye kiwanja chako, na wengi hawana, basi kwa kweli acha jenereta, weka hela yote kwenye betri ya pili na paneli ya jua juu ya paa. Ninasema hivyo nikijua napoteza kazi ya kukufungia. Kwa wezi, tumia mnyororo uliofungwa kwenye nondo iliyochimbiwa zege.

La pili ni ule waya wenye plagi mbili za kiume, unaochomekwa soketini ili jenereta liwashe nyumba nzima. Usimruhusu fundi yeyote akutengenezee. Ncha moja ikichomoka wakati jenereta linawaka, vyuma vyake viko wazi na vina umeme. Na ukisahau kuzima swichi kuu, umeme wako unatoka nje kwenda kwenye nguzo. Ukipita kwenye transfoma kinyumenyume unaweza kupandishwa hadi maelfu ya voti, na juu ya nguzo yuko kijana wa TANESCO anayeamini laini imezimwa. Ukitaka jenereta liingie kwenye waya za nyumba, iwekwe chenjiova, swichi inayokata upande mmoja kabla ya kuunga mwingine, na iwekwe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Lakini kwa mzigo wako huihitaji. Waya mnene wa ekstensheni, 2.5 mm², uliokunjuliwa wote, upite kwenye tundu la bomba ukutani hadi kwenye friji na chaja ya betri. Tundu uzibe kwa udongo au sponji, usiache dirisha wazi kwa ajili ya waya, maana moshi utatumia njia hiyohiyo.

Petroli nunua kituoni, si kwenye chupa za barabarani, na usiweke ndani ya nyumba. Ikikaa zaidi ya miezi miwili inaanza kuacha utomvu kwenye kabureta, na hiyo ndiyo sababu majenereta mengi hukataa kuwaka siku yanapohitajika. Kila mwezi liwashe dakika kumi na tano ukiwa umechomeka mzigo, kisha funga koki ya petroli na uliache lijizime lenyewe ili kabureta ibaki kavu. Usijaze tangi injini ikiwa ya moto.

Siku ya kwanza, kabla ya kuvuta kamba: majenereta mengi mapya hayana oili ndani. Yanasafirishwa makavu. Weka oili kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu, jenereta likiwa limekaa sawa, mpaka ifike kwenye mdomo wa shimo la kujazia. Lile la inveta linachukua chini ya nusu lita, kwa hiyo usimimine chupa nzima. Litembeze saa 20 za kwanza kwa mzigo wa nusu, kisha mwaga oili yote ikiwa bado ya moto na uweke mpya. Itatoka na vumbi la chuma linalometameta, ni kawaida. Baada ya hapo badilisha kila saa 100, na uandike saa hizo kwa kalamu ya wino mzito pembeni ya tangi.